Moshi Nyuma ya Tai

Eilif, keti. Na wewe Gunnvor, achana na vyombo, njoo ukae upande huu ambako sikio langu bado linafanya kazi. Daktari amewanong'oneza kule mlangoni mkadhani nimelala, lakini mapafu haya nayajua kuliko yeye, na sihitaji mtu wa kunipimia pumzi zilizobaki. Nina maneno ya kuwaachia, wanangu, na nataka niyaseme kwa mdomo wangu nikiwa na akili timamu, ili kesho asije akasimama mtu akasema mama alikuwa amechanganyikiwa. Msinikatize. Nikinyamaza ngojeni, ninavuta pumzi tu.

Yaliyo mepesi kwanza. Nyumba hii ni ya Gunnvor, maana ndiye aliyeacha kazi yake kusini akarudi kunigeuza kitandani, na Eilif hilo hutalipinga, una nyumba yako, na boti ya baba yenu umeshaichukua tangu Oddvar alipofariki. Kamera zangu na ile lenzi ndefu nazo ni za Gunnvor, ingawa hajui kuzitumia. Ajifunze, au ampe mtu mwenye subira. Picha za wanyama zilizo kwenye makabati ya chini, mnandi wanaokausha mabawa, mbweha mweupe na watoto wake, kulungu wa theluji wakivuka hori la bahari kwa kuogelea, zipelekeni shuleni. Watoto wazibandike ukutani au wazichoree masharubu, mimi sitakuwepo kukasirika. Sikuwahi kulipwa kwa picha. Nilikuwa mkata minofu ya samaki kiwandani mwenye kamera, basi.

Sasa yaliyo mazito. Ufuko wa Skarvnes, pamoja na banda la boti na vichanja vya samaki, hamtaurithi. Ufuko ule unakwenda kwa Petra, binti wa Hartvig, na karatasi zimeshasainiwa kwa mwanasheria.

Tulia, Eilif. Nimeuona mshipa wa shingo yako. Najua umeshachora vile vibanda vya watalii wa kuja kupiga picha tai, na najua umeshazungumza na benki. Najua pia unachotaka kusema, kwamba mama anampa mtoto wa msaliti mali ya babu yetu. Umekulia kwenye neno hilo, mwanangu, siwezi kukulaumu kwa kulibeba. Lakini nisikilize mpaka mwisho, ndipo ukasirike.

Nitaanza na babu yenu Hilmar, kwa sababu hamjawahi kuiona sura yake. Alikuwa mvuvi kama wengine wa hori hili, ila alikuwa na kamera ya boksi aliyoinunua kwa baharia kabla ya vita, na kila alipopata nafasi alikuwa juu ya mawe ya Skarvnes, anatambaa kwa tumbo akiwavizia ndege. Watu walimcheka. "Hilmar, samaki wanapita chini ya boti yako na wewe unamlenga mnandi!" Naye anajibu, "Samaki nitamla kesho, huyu ataruka sasa hivi." Alipiga picha milima, akampiga picha mama kwenye kamba ya nguo, akanipiga mimi nikiwa na kondoo. Yeye mwenyewe hakuna aliyempiga.

Mwaka ule wa arobaini na nne, Wajerumani walipoanza kusukumwa kutoka mashariki, waliamua wanaokuja nyuma yao wasikute hata paa la kujikinga. Kila nyumba ya Finnmark, jimbo letu hili zima, ichomwe, na kila mtu apande boti apelekwe kusini. Mimi nilikuwa na miaka minane, na mdogo wangu Idar alikuwa bado ananyonya. Wengi walipanda. Baba alikataa. "Kusini nitakuwa mtu wa nani?" alimwambia mama. "Tutajificha mpaka wapite." Akatia kamera na picha zake kwenye kopo la biskuti, akalifukia kwenye shamba la viazi, kisha akatupeleka kwenye kibanda cha udongo na nyasi ambacho wachungaji wa kulungu walikuwa wakilala, nyuma ya mgongo wa mlima wa Skarvnes. Ukiwa baharini kibanda kile hukioni hata ukijua kilipo. Kutoka pale tuliona mbingu ya kijiji chetu inageuka nyekundu, mama akaninyamazisha nisiulize ni nyumba ya nani inayowaka.

Baba aliweka sharti moja tu. Moto uwashwe giza likishatanda kabisa, na ule mwanga mdogo wa bluu unaokuja mchana ukianza kuonekana, moto uzimwe, hata kama tunatetemeka.

Siku askari walipokuja, baba alikuwa ametoka kukagua mitego ya kwale. Mimi ninachokumbuka ni joto. Niliamka chini ya ngozi nikasikia joto usoni, Idar amenyamaza, mama anakoroga kitu chunguni, na nilifurahi, wanangu, nilifurahi sana, nikalala tena. Kibanda hakikuwa na dirisha, na msimu ule jua halichomozi. Mtoto angejuaje kama ni usiku au mchana? Kilichoniamsha mara ya pili ni milio ya bunduki. Mama aliniziba mdomo kwa kiganja kinachonuka moshi. Milio ilitoka upande wa mashariki, mbali na sisi, kwa sababu baba alipowaona askari wanapanda alikimbilia kwenye mteremko ulio wazi huku akipiga kelele, ili wamfuate yeye. Walimfuata. Kisha wakarudi kutuchukua na sisi.

Tulipita pale alipolala. Mama aliomba amfunike kwa ngozi moja tu, askari akamsukuma kwa kitako cha bunduki. Na kule chini kwenye boti yao, mkono kwenye usukani, alikuwa amesimama Hartvig jirani yetu, ambaye wiki chache nyuma alikuwa anakunywa kahawa jikoni kwetu. Hakututazama. Mama alimtazama yeye njia nzima, mpaka tulipohamishiwa kwenye meli kubwa. Idar alipokata roho mle chini ya sitaha, na baharia akamchukua amefungwa kwenye foronya, mama hakulia. Alisema jina la Hartvig. Aliendelea kulisema mpaka kusini.

Nipe maji, Gunnvor. Kidogo. Inatosha.

Tuliporudi vita vimekwisha, kijiji kilikuwa dohani tupu zimesimama kwenye majivu, hata kanisa halikuwepo. Mama alipanda mteremkoni peke yake kumkusanya baba. Hakukuwa na mengi. Mbweha na tai walikuwa wametangulia. Alichopata kilienea kwenye kisanduku cha sabuni, na ndicho tulichozika. Kisha akafukua lile kopo. Maji yalikuwa yameingia, picha zimeshikana kama utando wa maziwa, na zilizopona zilikuwa za milima na ndege. Ya mama haikupona. Ya baba haikuwepo kamwe. Mnajua kwa nini nilianza kupiga picha? Watu walidhani napenda ndege. Mimi nilitaka kusimama alipokuwa amesimama yeye na kutazama alichokuwa anakitazama, maana sura yake ilikuwa imeshaanza kunitoka.

Hartvig naye alirudi, nyumba yake nayo ilikuwa imechomwa kama zetu, lakini hilo hakuna aliyelihesabu. Mama alikuwa amemwona kwenye boti ya askari, na hilo lilitosha. Dukani alipoingia maneno yalikatika. Katika nyumba ya sala benchi lake lilibaki tupu pande zote. Shuleni Petra, mdogo kuliko mimi, mwenye nywele nyeupe kama pamba, alikaa dawati la mwisho peke yake, na watoto walimwimbia, "Petra, Petra, baba'ko kauza watu kwa sigara!" Mwalimu alisikia, akaendelea kuandika ubaoni.

Na ufuko. Eilif, hapa ndipo unisikilize. Ufuko wa Skarvnes ulikuwa wa baba yake Hartvig, na kabla yake wa babu yake. Vita vilipokwisha serikali ilikuja kupima viwanja upya, na kwa kuwa karatasi zote zilikuwa zimeungua, majirani walikusanywa waseme nani alikuwa na nini. Bibi yenu Ragna alisimama akasema Skarvnes ni ya Hilmar. Nilikuwepo, nimeshika sketi yake, na hata mimi mtoto nilijua si kweli. Hartvig akasimama na kofia mkononi. "Ufuko ni wa baba yangu. Ninyi nyote mnajua." Sauti moja kutoka nyuma ikasema, "Kawaulize Wajerumani wakupimie," na ukumbi mzima ukacheka, mpimaji akacheka nao, akaandika jina la marehemu baba. Ndivyo tulivyopata ufuko.

Miaka ikaenda. Nikaolewa na Oddvar, mkazaliwa ninyi. Nikaanza kuwafuata tai, na mama hakuipenda kazi hiyo hata kidogo. "Unawapiga picha hao waliomla baba yako?" aliniuliza mara moja, kisu cha samaki mkononi. Nilimwambia nitawatazama mpaka niache kuwachukia. Akasema mimi ni mgonjwa wa kichwa. Labda.

Basi Novemba moja, Eilif ukiwa umeanza shule, baba yenu alinipeleka kwa boti kwenye mwamba ulio mbele ya Skarvnes, kwa sababu nilitaka tai katika ule mwanga wa bluu wa mchana. Baridi ilikuwa kavu, hakuna upepo hata wa kutikisa unyoya. Tai alikuwa ametua anachana samaki, mkubwa, amenigeuzia ubavu. Nikajilaza, nikamweka kwenye lenzi, na nyuma yake, juu ya mgongo wa mlima, nikaona mstari mweupe umesimama wima kama kamba iliyoning'inizwa kutoka mbinguni.

"Oddvar," nikanong'ona, "ule ni moshi wa nani?"

"Wawinda kwale. Nimewaona jana wanapanda. Watakuwa wamewasha kwenye kile kibanda."

"Kibanda kipi?"

Baba yenu akanigeukia. "Dagny," akasema, "kile."

Nilibonyeza. Sijui kwa nini nilibonyeza, mkono ulifanya wenyewe. Tai akaruka. Nilibaki nimelala juu ya jiwe mpaka Oddvar akaja kuniinua kwa makwapa, kwa sababu nilikuwa nimekumbuka lile joto usoni, na kwa mara ya kwanza tangu utoto nikajiuliza lilikuwa joto la saa ngapi.

Niliisafisha picha ile usiku huohuo, na asubuhi nikaiweka mezani mbele ya mama.

"Tai mkubwa," akasema, midomo imekunjamana.

"Tazama nyuma yake, mama."

Akavaa miwani. Akatazama. Kahawa yake ikapoa. "Hiyo ni mchana?"

"Mchana."

Alivua miwani akaikunja taratibu, akaiweka juu ya tai. "Idar alikuwa wa bluu," akasema. "Midomo, kucha, yote. Alikuwa ameacha hata kulia. Hilmar alisema tusiwashe mchana, nami nikasema moyoni, Hilmar hajamshika mtoto huyu. Ungefanya nini wewe?"

"Ningewasha, mama."

"Basi."

"Na Hartvig?"

"Hartvig alikuwa kwenye boti."

"Kuwa kwenye boti si..."

"Nilihitaji mtu!" Sikuwahi kumsikia akipiga kelele, bibi yenu, na sikumsikia tena. "Mume sina, mtoto sina, ningekaa na nani ndani ya nyumba hii, Dagny? Na mimi mwenyewe?"

Nilimshika mkono, akauondoa. Aliniomba nisubiri afe kwanza. Nikamwambia Hartvig ana umri kama wake, je, akitangulia yeye? Akasema, "Ukitoka na picha hiyo mlangoni, usirudi kwangu."

Nilitoka nayo. Mnakumbuka mlivyokuwa mkiniuliza kwa nini bibi anawatumia soksi na mikate kupitia baba yenu, wala hakanyagi kwetu? Nilikuwa nawajibu kwamba wazee wana ukaidi. Sasa mnajua. Alikufa hajasema nami neno, na mlango wake nilikuwa naupita kila siku nikienda kiwandani.

Hartvig alinipokea mlangoni, hakunikaribisha. Nikampa picha, nikamweleza. Aliitazama kidogo tu.

"Binti wa Hilmar," akasema, "umetembea na baridi hii kuja kuniambia kulikuwa na moshi? Moshi ule niliuona mimi kabla yao. Walikuwa wamenitoa kitandani niwaongozee boti kwa kuwa nayajua mawe. Nilipouona nikakata kona kuwapeleka nyuma ya kisiwa. Yule mwenye darubini akanigonga bega, akaniwekea bastola hapa, akasema rudi. Nikarudi."

"Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani? Kwamba Ragna mwenyewe ndiye aliyewasha, mjane, mtoto wake amekufa? Nani angenisikiliza?" Akanirudishia picha. "Mke wangu amekufa akiniamini nusu. Nusu, unasikia? Alikuwa ananitazama nikilala. Wewe leo unaniletea tai. Kawaonyeshe wao. Mimi nilikuwepo." Akafunga mlango, bila hata kuubamiza.

Nikawaonyesha wao. Niliipeleka dukani, nikaipeleka nyumba ya sala, nikaeleza mpaka sauti ikakauka. Wanangu, nilitegemea watu waone aibu. Waliniona mimi ndiye wa aibu. "Unamvua nguo mama yako mzazi kwa ajili ya Hartvig?" Mwingine akaisifu picha, akauliza kama ninauza. Walikuwa wameshazoea, kumchukia Hartvig kulikuwa kama njia ya kwenda bandarini, hakuna aliyetaka kuchonga nyingine. Alipofariki, watu wa kubeba jeneza hawakutimia. Mimi na baba yenu tulishika upande mmoja, mchungaji akavua kanzu akashika kona, na Petra akashika mbele, peke yake, theluji hadi magotini. Baada ya mazishi alihama, akaapa hatakanyaga tena hapa.

Alirudi mwaka jana, mmemwona. Nilimwendea, nikamwambia mama ameshakufa, ufuko sasa uko mikononi mwangu, chukua. Alikataa. "Unipe leo, kesho wanao waje kunitoa? Wao wanajua mimi ni nani? Waambie kwanza, Dagny. Waambie nikiwepo."

Ngojeni.

Nipumzike.

Eilif, nimekusikia, unasema bibi yuko kaburini, aachwe. Mimi namwacha. Bibi yenu hakuwa mwovu, na atakayemtukana kwa ajili ya moto ule atakuwa amenitukana mimi, maana moto ule ulinipasha na mimi, na mimi nimeishi. Lakini Hartvig naye yuko kaburini, na yeye hakuna aliyemwacha. Mwezi ujao wanafungua maonyesho ya vita pale ukumbini, wameniomba picha. Wapeni ile. Umesema utaichoma, mwanangu, lakini filamu yake nimeshaikabidhi kwao, kwa hiyo usijisumbue. Chini yake waandike hivi: moshi unaoonekana umetoka kwenye kibanda alimojificha Hilmar na familia yake, na siku ile ya vita moshi kama huu ulipanda mchana, kila aliyekuwa baharini aliuona. Jina la mama lisiandikwe. Jina la Hartvig liandikwe, na liandikwe kwamba hakumuuza mtu.

Mnizike kando ya Oddvar, si kando ya mama. Sina kinyongo, ila nataka kulala na mtu aliyekuwa akiongea nami. Msipike sana. Kahawa, mkate, na supu ya kulungu yatosha. Gunnvor, usijifungie humu kunililia, mwaka huu huu uende kumwona yule rafiki yako wa kusini. Eilif, punguza hasira, itakuua mapema. Mungu awape usingizi mzuri. Awape watu wa kuwabeba siku yenu ikifika, wawe wengi mpaka wagombanie nafasi. Awape... awape watoto wasioona haya kuwatazama usoni. Nimewabariki. Nimewabariki wote wawili, sawasawa, hata wewe unayetazama dirishani.

Mnasikia gari? Ni yeye. Mimi ndiye niliyemwita.

Eilif, hapana, usitokee mlango wa jikoni. Kaa. Mpishe kiti hicho, mtu mzima amekuja. Gunnvor, mfungulie.

Petra. Ingia... viatu acha tu, ingia navyo. Sogea nikuone. Hawa ndio wanangu. Nimewaambia yote... yote, mbele ya Mungu. Nilitaka niseme na hili la mwisho mwenyewe, ila pumzi... 

Eilif. Simama, mwanangu. Mwambie wewe... ufuko ni wa nani.